Nafasi ya Herufi Katika Neno: Mfano wa Jina "Manda"

Kisiwani Manda, mkabala na Lamu, yamo magofu ya mji wa Takwa, ambako kaburi la mnara limeandikwa mwaka 1094 wa Hijra, yaani karne ya 17 Miladi. Hati ya Kiarabu ilitangulia ile ya Kirumi katika visiwa hivyo. Waandishi walioitumia kwa tungo na barua za Kiswahili walilazimika kuamua namna ya kuligawa neno. Suala hilo limezuka upya katika masomo ya mwanzo ya kompyuta, pale mwanafunzi anapofundishwa kuchomoa herufi au kipande cha neno.

Katika lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, nafasi huhesabiwa kuanzia 0, kwani namba hiyo hueleza umbali kutoka mwanzo wa neno. Kipande cha 0 hadi 2 huchukua nafasi ya 0 na ya 1, na kuiacha ya 2. Kwa hiyo "Manda", yenye herufi 5 za Kirumi, hutoa "Ma".

Likiandikwa kwa hati ya Kiarabu bila alama za irabu, jina hilo huweza kuwa na herufi 4: mim, nun, dal na alif. Mim huwa nafasi ya 0, ingawa iko kulia. Amri ile ile sasa hutoa mim na nun, wala si silabi "Ma". Fataha na sukuni zikitiwa, nafasi huwa 7, kwa kuwa kila alama huhifadhiwa peke yake. Hapo "Ma" hurudi. Aidha, katika hati nyingi za kale nun haikuandikwa kabla ya dal. Msomaji aliijaza mwenyewe. Kwa tahajia hiyo herufi ni 3 tu.

Mshairi naye hahesabu herufi, bali mizani. Kwake jina hilo ni mizani 2, Ma-nda, na kila kipande cha utendi hukamilika kwa mizani 8.

Yadhihirika basi kwamba nafasi si sifa ya neno lenyewe, bali ya hati na kipimo. Jambo hili si dogo. Hati za kale zilizohifadhiwa Dar es Salaam na London zikinakiliwa katika kompyuta, atafutaye "Manda" yenye nun hatalipata jina hilo palipoandikwa bila nun, isipokuwa programu imeelezwa tahajia zote mbili. Kabla ya kuuliza herufi iko nafasi ya ngapi, mwanafunzi hana budi kuuliza kinachohesabiwa ni nini.