Wanuri Kahiu

Wanuri Kahiu (alizaliwa Nairobi, 1980) ni mwongozaji na mwandishi wa filamu kutoka Kenya. Alisomea usimamizi katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kisha akahamia uongozaji wa filamu UCLA, Marekani.

Filamu yake ndefu ya kwanza, From a Whisper (2008), iligusa kidonda kibichi: shambulio la bomu la 1998 kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Mwaka uliofuata ilimpa tuzo ya mwongozaji bora katika Africa Movie Academy Awards.

Pumzi (2009), ya dakika 21 hivi, ndiyo yenye ujasiri zaidi kisanaa. Baada ya vita vya maji, watu wanaishi chini ya ardhi. Jasho na mkojo husafishwa vikanywewa tena. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu, anapanda mbegu humo, kisha anatoroka kwenda jangwani kuutafutia mche mahali pa kuota.

Rafiki (2018), iliyotokana na hadithi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, ndiyo filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Nyumbani ilipigwa marufuku kwa kusimulia mapenzi ya wasichana wawili. Bodi ya filamu ilitaka mwisho wake ubadilishwe, naye Kahiu akakataa. Septemba 2018 Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hayo kwa siku 7, na kumbi za Nairobi zikafurika.

Mwaka 2022 aliiongozea Netflix filamu ya Look Both Ways.