Admirali na Mapambano ya Umma

Tunapoichambua historia ya ukombozi wa Angola, tusidanganywe na vyeo. Admirali António Rosa Coutinho alilelewa na jeshi la majini la Ureno, chombo cha ukoloni. Baada ya mapinduzi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974, aliingia katika baraza la kijeshi. Julai akapelekwa Luanda kuongoza utawala. Walowezi wengi walimchukia, wakidai anaipendelea MPLA.

Je, nani alifungua njia hiyo? Ni wapigania uhuru, waliopambana tangu 1961 hadi maofisa wa Ureno wenyewe wakaichoka vita. Admirali aliondoka Januari 1975. Uhuru ukapatikana tarehe 11 Novemba. Ofisa anaweza kuchagua upande, lakini umma unaopambana ndio unaomlazimisha kuchagua.