Mtoto Aliyechelewa Kulia

Mwaka 1861 daktari William Little aliwaeleza wenzake mjini London kuwa uzazi mgumu waweza kumwachia mtoto ulemavu wa viungo. Mwaka 1952 Virginia Apgar wa Marekani akabuni alama 0 hadi 10, ambazo wakunga hutoa dakika ya 1 na ya 5. Alama ndogo si hukumu, lakini kasoro nyingine huonekana miezi ikipita. Kwa hiyo ukiambiwa urudi “Russia”, hospitali ya rufaa ya Kisumu iliyofunguliwa 1969, rudi hata kama ananyonya vizuri. Nauli kutoka Kombewa ni mzigo, kweli. Beba kijitabu cha kliniki. Mweleze daktari kama mtoto hukakamaa, hupaliwa akinyonya, au bado hukunja ngumi daima baada ya miezi 3.