Uhuru angani

Neno uhuru limetokana na huru, lenye asili ya Kiarabu, likavikwa kiambishi u- cha nomino dhahania. Wengi tunalijua kwa bendera na mwenge. Wanaastronomia wanalo kwenye orodha zao za nyota.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kupima eksirei za mbinguni. Marjorie Townsend, aliyeongoza mradi huo NASA, aliiita Uhuru kwa heshima ya siku hiyo.

Orodha ya nne ya setilaiti hiyo, ya 1978, ina vyanzo 339 vya eksirei, na kila jina huanza na 4U. U hiyo ni Uhuru wetu! Chukua 4U 1700-37, katika kundi la Nge. Hapo pana nyota yenye joto la zaidi ya nyuzi 30,000, ambayo sehemu kubwa ya mwanga wake ni urujuanimno. Upepo wake huangukia mwenzake mdogo mzito, na eksirei huzaliwa.

Anayetazama Nge kutoka vilima vya Keza, Ngara, haoni lolote kati ya hayo. Angahewa huzuia eksirei na sehemu kubwa ya urujuanimno, na ndiyo sababu vyombo hupelekwa juu. Walimu wa fizikia, wafundisheni wanafunzi kuisoma U hiyo kwa Kiswahili.