Wino wa Zafarani: Maandishi Yaliyokusudiwa Kufutika

Tunapofundisha historia ya maandishi ya Kiswahili, aghalabu huanza na hati zilizobaki: Utendi wa Tambuka wa Pate, wa mwaka 1728, au mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambayo William Taylor aliyakusanya mwishoni mwa karne ya 19 akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Hati hizo ni hazina. Hata hivyo, zinaweza kumfanya mwanafunzi aamini kwamba kila aliyeshika kalamu pwani alitaka maneno yake yadumu. Makala haya yanahusu wino wa rangi ya manjano ya dhahabu ambao ulifanya kazi kinyume cha hiyo.

Wanafunzi wetu wa huku bara hulijua neno kombe kwa sababu ya mpira. Pwani neno hilo lina maana nyingine pia. Mwalimu humwandikia mgonjwa aya za Kurani kwenye sahani nyeupe au karatasi, kwa zafarani iliyorowekwa katika maji au marashi ya mawaridi. Kisha maandishi huoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa maji hayo. Dawa hiyo huitwa kombe. Inaonekana jina la chombo lilihamia kwenye kilichomo, jambo la kawaida katika lugha. Desturi hii ingalipo Unguja na kwingineko, ingawa wapo Waislamu wanaoipinga.

Kwa nini zafarani? Kila ua lake hutoa nyuzi tatu tu nyekundu, na rangi iliyo ndani ya nyuzi hizo, krosini, huyeyuka upesi katika maji. Isitoshe, zafarani ni kiungo cha chakula. Wino mweusi wa kale, uliotengenezwa kwa masizi na gundi ya mti, una tabia tofauti: masizi hayayeyuki, nayo gundi huyashikilia kwenye karatasi. Dhahabu halisi nayo hudumu. Kurani ya Buluu, iliyoandikwa kwa dhahabu juu ya ngozi ya rangi ya nili katika karne ya 9 au ya 10, inasomeka hadi leo. Kwa hiyo mwandishi aliuchagua wino kulingana na kazi aliyoikusudia.

Mwaka 1884 mambo mawili yalitokea mbali na pwani yetu. Lewis Waterman alipata hataza ya kalamu yake ya wino huko Marekani, na mkemia Mswisi Johann Heinrich Ziegler akagundua tatrazini, rangi ya manjano ya viwandani ambayo hutiwa katika vyakula na hata katika wino. Kilo moja ya zafarani huhitaji maua yapatayo 150,000, kwa hiyo bei yake ni kubwa. Si ajabu kwamba siku hizi baadhi ya waandikaji wa kombe hutumia rangi ya chakula badala yake. Rangi hiyo nayo huyeyuka katika maji, na kazi ikaendelea.

Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Andika sentensi moja kwa kalamu ya wino yenye ncha pana, ukitumia wino wa manjano ya dhahabu. Ncha nyembamba haifai, kwani rangi hii hufifia kwenye karatasi nyeupe. Andika sentensi hiyohiyo kwa wino mweusi wa masizi, ukitumia kalamu ya kuchovya, kwa sababu masizi huziba kalamu ya wino. Subiri zikauke, kisha dondoshea maji. Ya manjano itatiririka, nyeusi itabaki. (Wino wa dukani usinywewe kamwe.) Halafu uliza: katika maktaba, tutaikuta sentensi ipi?

Swali hilo lina uzito. Tukihesabu makaratasi yaliyosalia pekee, tutawaacha nje waandishi ambao kazi yao ilikamilika pale ilipofutika. Maandishi yao hayamo katika sanduku lolote la hati, ila neno kombe limebaki katika msamiati wetu. Tunapolifundisha, tusiishie uwanjani.