Muziki wa Kabatini

Mwishoni mwa Septemba 1973, wimbo usio na neno hata moja ulipanda hadi namba moja kwenye chati za Uingereza na kukaa hapo wiki nne. Uliitwa "Eye Level". Watazamaji wa televisheni walikuwa wameuzoea, kwa kuwa ndio uliofungua tamthilia ya Van der Valk, mpelelezi wa Amsterdam. Santuri ilibeba jina la Simon Park Orchestra, na mtunzi akatajwa kuwa Jack Trombey. Zilinunuliwa nakala zaidi ya milioni moja.

Jack Trombey hakuwahi kuzaliwa. Nyuma ya jina hilo alikuwepo Jan Stoeckart, Mholanzi mpiga tromboni aliyekuwa mtu wa redio huko kwao. Muziki wenyewe ulitoka kabatini mwa kampuni ya De Wolfe ya London, kabati lililojaa maelfu ya vipande vinavyongoja kuhitajiwa.

Filamu, tangazo la sabuni, taarifa ya habari na kipindi cha michezo, vyote vinataka muziki, na wenye uwezo wa kumwita mtunzi pamoja na okestra nzima ni wachache. Waliobaki huenda dukani. Ni kama tofauti kati ya kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani akupime, na kununua shati lililokwisha kushonwa, limetundikwa. Aliyelishona hajui litavaliwa na nani. Anayelivaa hajui lilishonwa na nani. Biashara hii ya muziki uliokwisha kushonwa ina zaidi ya karne moja. Leo kijana anayehariri video Kinondoni, Mombasa au Goma huikuta kwenye intaneti kwa jina jingine: muziki usiodaiwa mrabaha. Jina hilo limewapoteza wengi, kwa sababu masikio hulisikia kama "bure", na bure katika Kiswahili ina maana mbili, isiyolipiwa na iliyopotea.

Meyer de Wolfe, mwanamuziki kutoka Uholanzi, alianzisha kampuni yake London mwaka 1909. Sinema zilikuwa bubu, lakini ukumbi haukuwa kimya. Palikuwa na mpiga kinanda chini ya pazia, na kumbi kubwa zilikuwa na okestra. Filamu zilibadilishwa mara kwa mara, na mpigaji huenda asiwe ameiona hata mara moja kabla watazamaji hawajakaa. Alihitaji karatasi za nota zilizopangwa tayari: hii ya mapigano, hii ya wapenzi, hii ya farasi wanaokimbia. De Wolfe aliziuza.

Ng'ambo ya Atlantiki, katika mji wa Cleveland, kampuni ya Sam Fox ilitoa mwaka 1913 juzuu ya kwanza ya vipande kama hivyo, vilivyotungwa na John Stepan Zamecnik. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha, kwani alikuwa amesoma Prague chini ya Antonín Dvořák. Hata hivyo vipande vyake vilikuwa vifupi na vya kutumika: muziki wa mwizi anayenyemelea, muziki wa haraka, muziki wa mazishi. Mwanafunzi wa Dvořák akimtungia mwizi muziki wa kunyemelea hajashusha hadhi ya kazi yake. Ameifanya ile inayohitajiwa, na ameifanya vizuri.

Kilichofuata mwaka 1924 kinastahili kutazamwa kwa utulivu. Ernö Rapée, mwongoza okestra mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi New York, alichapisha kitabu kinene cha muziki wa sinema kilichogawanywa katika hali na matukio 52. Pembezoni mwa kurasa ilipigwa chapa orodha ya hali zote pamoja na namba za kurasa zake, ili mpigaji aweze kuruka kwa kupepesa jicho kutoka harusi hadi tufani ya baharini. Mlikuwa na ndege, vita, watoto, mapenzi, reli, huzuni, hata uchoshi. Leo ukifungua tovuti yoyote inayouza muziki wa video, upande mmoja wa kioo utaona orodha ya namna hiyo: furaha, huzuni, mashaka, safari. Orodha ya Rapée imehama kutoka pambizo la karatasi hadi pambizo la kioo.

Ila mrabaha wenyewe hauelezeki bila kisa cha maji ya sukari. Mwaka 1847, mtunzi Ernest Bourget aliketi katika mkahawa wa Ambassadeurs, Paris, akanywa maji yaliyotiwa sukari huku kazi yake ikipigwa ukumbini. Hesabu ilipoletwa, alikataa kulipa. Ikiwa mkahawa unautumia muziki wake bila kumlipa, naye atakunywa bila kuulipa. Kesi ilikwenda mahakamani na Bourget akashinda. Yeye na wenzake, Paul Henrion na Victor Parizot wakiwemo, wakaunda chama cha kukusanya malipo, SACEM, mwaka 1851. Vyama vya Uingereza na Marekani vilifuata, vyote viwili mwaka 1914. Tangu hapo ikajengeka kanuni kwamba muziki hulipiwa kila unaposikika hadharani, si siku unapouzwa tu.

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa kanuni hiyo. Kwenye taarab, aliyeguswa na wimbo huinuka akacheza hadi mbele, noti mkononi, akamtunza mwimbaji. Wimbo huohuo ukiimbwa wiki ijayo, atatunzwa tena. Ni mrabaha usio na karatasi. Una pengo moja tu, nalo ni kubwa: noti humfikia aliye jukwaani, wakati aliyetunga shairi huenda yuko nyumbani, au hayupo tena duniani. Vyama vya watunzi vilibuniwa kuziba pengo hilohilo.

Sinema zilipoanza kusema, mwaka 1927, wapiga vinanda wa kumbini walipoteza ajira zao kwa makundi. De Wolfe akageuza kabati la karatasi kuwa kabati la muziki uliorekodiwa. Watengenezaji wa filamu wakawa wanalipia kila mara sindano inapoteremka kwenye santuri: sindano ikishuka mara tatu katika filamu moja, hesabu ni ya mara tatu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, chama cha wanamuziki cha Uingereza kilipinga urekodi wa aina hii kwa miaka mingi, kikihofia kwamba santuri moja ya kabatini ingewanyima kazi wapigaji wengi wa studio. Hofu yao ilikuwa na msingi. Kampuni zikawabeba watunzi na nota zao kwenda kurekodi Cologne na Brussels, kisha zikarudi London na mikanda.

Enzi ya dhahabu ilikuwa ya kampuni ya KPM. Kuanzia mwaka 1966, chini ya Robin Phillips, ilitoa mfululizo wa santuri zenye majalada ya kijani yaliyofanana yote, bila picha ya msanii wala pambo. Hazikuuzwa madukani bali zilipelekwa kwenye vituo vya televisheni na studio za filamu. Ndani yake mlikuwa na kazi za Keith Mansfield, Alan Hawkshaw, Syd Dale, Johnny Pearson na wengine waliojua kuandika muziki unaoshika sikio kwa sekunde kumi. "Heavy Action" ya Pearson ikawa mlio wa mpira wa Kimarekani wa Jumatatu usiku kwenye kituo cha ABC. "Approaching Menace" ya Neil Richardson ikawa sauti ya kiti cheusi cha kipindi cha maswali cha BBC, Mastermind. Mansfield alisikika kila Jumamosi kwenye kipindi cha michezo cha Grandstand, na kila mwaka kwenye tenisi ya Wimbledon. Mamilioni wanaweza kuziimba kwa mluzi tuni hizo. Ukiwauliza ni za nani, watakutazama tu.

Wenye mifuko mitupu walinufaika pia. George Romero alipotengeneza Night of the Living Dead karibu na Pittsburgh, iliyotoka mwaka 1968, muziki wake aliutoa kwenye maktaba ya Capitol. Filamu hiyo iliyobadilisha kabisa sinema za kutisha inatetemesha watu kwa vipande vilivyokuwa vimekaa kabatini. Miaka kumi baadaye, katika Dawn of the Dead, alirudi kuchota tena, safari hii kwa De Wolfe.

Jambo moja lishikwe vizuri hapa. Watunzi wa majalada ya kijani hawakufanya kazi bure. Majina yao yalifichika kwa watazamaji, lakini kwenye madaftari ya chama yaliandikwa. Kituo kiliporusha kipande, karatasi ya matumizi ilijazwa, na sehemu ya mrabaha ikamfikia mtunzi. Mlio wa sekunde kumi unaopigwa kila wiki kwa miaka 20 unaweza kumlipia mtu nyumba.

Kilichobadilisha hesabu ni wingi wa video. Mashirika, makanisa, shule na wapiga picha za harusi walianza kutengeneza filamu ndogondogo, na hakuna aliyetaka kujaza karatasi kila sindano inaposhuka. Kukazuka mauzo ya aina mpya: lipa mara moja, tumia daima. Wanunuzi walikuwa na sababu nzito. Eyes on the Prize, filamu ya makala ya Henry Hampton kuhusu harakati za Wamarekani weusi kudai haki zao, ilianza kurushwa mwaka 1987 na kusifiwa kote. Leseni za picha na nyimbo zilizomo zilipokwisha muda, haikuweza kurushwa wala kuuzwa kwa miaka, hadi fedha zilipopatikana na ikarudi hewani mwaka 2006. Kizazi kizima cha wanafunzi kilikaribia kuikosa historia yao kwa sababu ya leseni zilizopitwa na tarehe. Mtayarishaji anayetaka kulipa mara moja na kulala usingizi hastahili kulaumiwa.

Lakini upande wa pili una kaburi la Solomon Linda. Mwaka 1939, katika studio ya Gallo mjini Johannesburg, Linda na wenzake walirekodi "Mbube". Haki za wimbo huo ziliuzwa kwa shilingi kumi. Uliimbwa upya duniani kote kama "The Lion Sleeps Tonight", ukafika kwenye filamu ya Disney ya The Lion King mwaka 1994. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Ilichukua hadi mwaka 2006 mabinti zake kufikia mapatano yaliyowapa haki ya mapato. Zile shilingi kumi pia zilikuwa malipo ya mara moja.

Kati ya visa hivi viwili ndipo biashara ya leo inapocheza. Epidemic Sound, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 2009, hununua haki zote za kipande kwa fedha za mkupuo, kisha hugawana na mtunzi mapato ya majukwaa ya kusikiliza muziki. Mteja hulipa ada na kutumia apendavyo. YouTube nayo, tangu mwaka 2007, ina mashine ya kutambua muziki ndani ya video, na mashine hiyo haijui nani amenunua leseni na nani ameiba. Ndiyo sababu mhariri mwenye busara huhifadhi risiti ya muziki kama anavyohifadhi ya kamera.

Njia ya tatu ni ya Kevin MacLeod, Mmarekani wa Wisconsin aliyeweka zaidi ya vipande 2,000 kwenye tovuti yake. Hutumia leseni huria za Creative Commons, zilizotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2002. "Monkeys Spinning Monkeys" yake imesikika kwenye video zisizohesabika. Hadai fedha, anadai atajwe. Asiyetaka kumtaja ndiye anayetakiwa kununua leseni. Kwa hiyo jina limewekewa bei waziwazi, na yeyote anaweza kuchagua alipe kwa kipi.

Sheria nayo haikulisahau jina. Mkataba wa Berne, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, unamwachia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi hata baada ya kuuza haki za mapato. Mtengeneza biti wa Dar es Salaam anayeuza midundo yake kwa mkupuo bado ana haki hiyo mkononi, ingawa wengi huiacha mezani pamoja na kalamu ya kusainia.

Stoeckart alifariki mwaka 2017, akiwa na miaka 89. Santuri za "Eye Level" za mwaka 1973 bado zinapatikana kwenye masoko ya vitu vya zamani Uingereza, za bei ndogo kwa kuwa zilikuwa nyingi mno. Kwenye karatasi ya katikati, chini ya jina la wimbo, ndani ya mabano, limeandikwa Trombey.