Simu nafuu inayokubali programu huria: mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa

Kiwanda cha kuunganisha simu kilichozinduliwa Athi River, nchini Kenya, mwezi Oktoba mwaka 2023 kilianza kwa kutoa simu janja ya shilingi 7,499 za nchi hiyo. Bei ya namna hiyo huwafungulia wengi mlango wa intaneti. Hata hivyo, anayetaka simu atakayoitawala mwenyewe hana budi kutazama zaidi ya bei.

Programu huria ni ile ambayo mtumiaji anaruhusiwa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuisambaza. Huria hapa ni uhuru, wala si kutolipa. Kwa kuwa msingi wa Android uko wazi kwa njia hiyo, wataalamu wa kujitolea waliweza kuunda LineageOS, mfumo ulioanza mwishoni mwa mwaka 2016. Mtengenezaji anapoacha kutoa masasisho ya usalama, mara nyingi mfumo huo huendelea kuyatoa, na simu kuukuu ikaongezewa miaka ya kutumika.

Kufuli la mtengenezaji

Simu haipokei mfumo mwingine mpaka kufuli linaloilinda inapowashwa lifunguliwe. Huawei iliacha kutoa namba za kulifungua mwaka 2018. Simu za Pixel zilizouzwa na kampuni ya Verizon ya Marekani nazo hazifunguliki, ilhali Pixel zilizouzwa bila kufungwa na mtandao wowote hufunguliwa.

Simu ya mkopo ina kufuli la pili. Katika mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ulioanzishwa na Safaricom na Google mwaka 2020, mnunuzi hulipa kidogo kidogo kila siku, na simu hufungwa malipo yakikoma. Usibadili mfumo wa simu kama hiyo kabla deni halijamalizika.

Namna ya kuchagua

Anza na orodha ya simu zinazokubaliwa na LineageOS, kisha nenda dukani. Linganisha namba kamili ya toleo, si jina la biashara pekee, kwani simu mbili zenye jina moja zaweza kutofautiana ndani. Mara nyingi simu iliyotumika iliyomo katika orodha hufaa kuliko mpya isiyokuwamo. Mwombe muuzaji akuonyeshe katika mipangilio kwamba kufuli lafunguka.

Gharama zake

Kufungua kufuli hufuta kila kilichomo, hivyo hifadhi picha na namba za watu kwanza. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyobadilishwa. Huduma za fedha zinazopatikana kwa kupiga namba, mfano *334# ya M-Pesa, hazitegemei mfumo wa simu.

Ambaye riziki yake yote hupitia programu ya benki na afanye jaribio hili kwa simu ya pili.